Mito ya Hedifoni Iliyochakaa: Ngozi Bandia, Mahameli, Ngozi Halisi au Mchanganyiko?

Hedifoni iliyotengenezwa vizuri huweza kukaa na mwenyewe miaka kumi au zaidi bila spika zake kuharibika, lakini mito yake haina umri huo. Baada ya miaka michache ya matumizi ya kila siku, ngozi bandia huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyonata shingoni na kwenye nywele, sponji hulala, na mtumiaji huanza kutafuta mito mipya. Hapo ndipo kosa hufanyika, kwa sababu wengi huchagua mito kama wanavyochagua foronya: huangalia rangi, hupapasa ulaini, kisha huuliza kama inaingia. Mto wa hedifoni hauna kazi ya foronya. Ndio unaoamua umbali kati ya sikio na spika, ukubwa wa chumba cha hewa kilicho mbele ya sikio, na kiasi cha hewa kinachovuja pembeni, na mambo hayo matatu yakibadilika pamoja huigeuza sauti ya hedifoni kuliko waya mpya au kifaa chochote kingine cha nyongeza.

Nililifahamu hili kwa kuzunguka sana. Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba hedifoni yangu ya zamani ilikuwa imechoka, kwa kuwa besi ilikuwa imepungua upande wa kushoto na sauti za waimbaji zilikuwa zikivutwa kulia. Nilibadilisha waya, nikajaribu simu nyingine, na nilikuwa karibu kununua hedifoni mpya nilipobonyeza kikombe cha kushoto kwa kidole, bila kukusudia, na besi yote ikarudi. Mshono wa mto wa kushoto ulikuwa umefumuka mahali pasipoonekana, na ufa huo usiozidi urefu wa ukucha ndio uliokuwa ukimeza muziki.

Ulinganisho unaofuata unamhusu mtu mwenye hedifoni zinazofunika au kukalia sikio, ambaye mito yake imekwisha na mbele yake kuna aina nne au tano za mito ambazo wauzaji wote huziita bora.

Jinsi mwanya mdogo unavyomeza besi

Mpira wenye tundu dogo ukijazwa kwa pampu iendayo polepole haujai, kwa kuwa hewa hupata muda wa kutoka tunduni. Pampu ikipigwa haraka haraka, hewa haiwahi kutoka na shinikizo hupanda. Spika ya hedifoni ni pampu ya namna hiyo. Inapotoa mlio wa hezi 40 husukuma na kuvuta hewa mara 40 kwa sekunde, mwendo ambao kwa hewa ni wa taratibu, hivyo shinikizo huvujia mwanyani kabla halijaitikisa ngoma ya sikio ipasavyo. Inapotoa mlio wa hezi 4,000, mwanya ule ule karibu hauna athari yoyote. Ndiyo maana mto uliopasuka haupunguzi sauti yote kwa pamoja, bali huondoa sehemu ya chini na kuiacha ya juu ilivyo, na msikilizaji hubaki na muziki mwembamba wenye makali ambao huujibu kwa kuongeza sauti, jambo ambalo si zuri kwa masikio yake.

Katika masafa ya juu hesabu ni nyingine. Wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7 hewani, kwa hiyo milimita chache za sponji si kitu kwake. Wimbi la hezi 8,000 lina urefu wa sentimita 4 na kidogo tu, yaani linakaribiana na vipimo vya tundu la mto wenyewe. Hapo umbali wa sikio hadi kwenye spika, umbo la tundu na uso wa kuta zake za ndani ndivyo vinavyoamua ni masafa gani yatakayoimarishana na ni yapi yatakayofutana. Mto uliolala kwa milimita 5 hulisogeza sikio karibu na spika, na mlio wa matoazi, herufi kama “s” na “sh” katika maneno, na hata hisia ya upana wa jukwaa, yaani jinsi vyombo vinavyosikika vimetawanyika kushoto na kulia, huhama. Kwa kuwa kuchakaa huko huja kidogo kidogo, masikio huzoea, na mtu huona ukubwa wa mabadiliko siku anapovisha mito mipya.

Ngozi bandia na mahameli

Huu ndio uchaguzi ambao wengi hukutana nao kwanza, na ndio wenye tofauti kubwa zaidi kwa sikio.

Ngozi bandia kwa kawaida ni kitambaa kilichopakwa tabaka la poliyurethani, aina ya plastiki. Haipitishi hewa, hivyo inapokaa vizuri kuzunguka sikio huziba, na hedifoni iliyofungwa nyuma, yaani ile ambayo kikombe chake hakina matundu ya kutolea sauti nje, hupata besi yake kamili. Huzuia pia kelele za nje, na kelele za ndani haziwasumbui walio jirani. Uso wake mlaini huyarudisha masafa ya juu badala ya kuyanyonya, kwa hiyo sauti huwa na uangavu, na katika baadhi ya hedifoni uangavu huo huvuka mpaka. Kasoro zake ni joto na umri. Baada ya saa moja sikio huanza kutoa jasho. Kuhusu umri, wengi hulaumu mafuta ya nywele na matumizi mabaya, ilhali chanzo kikubwa ni unyevu: maji ya jasho na ya hewani huvunja taratibu viungo vya kikemikali vya tabaka lile, na joto huharakisha kazi hiyo. Mto unaweza kubanduka hata ukiwa sandukuni bila kuvaliwa. Kwa sababu hiyo siungi mkono ushauri wa kununua jozi mbili za ngozi bandia na kuiweka moja akiba kwa miaka mitano, kwani jozi ya akiba huzeeka pamoja na ile iliyo kichwani.

Kuna hali ya katikati inayowadanganya watu. Tabaka la juu likishabanduka lote, kitambaa cha chini hubaki kizima, laini na kisicho na vipande vya kunata, na mwenye hedifoni huona kwamba tatizo limejimaliza. Kitambaa hicho kinapitisha hewa. Kwa macho mto umekuwa nadhifu, lakini kwa sauti umekuwa kitu kingine kabisa, mara nyingi kibaya kuliko mto wa mahameli, kwa sababu mahameli angalau ilipimwa na kukusudiwa.

Mahameli, kwa upande wake, hupitisha hewa kupitia manyoya yake mafupi na kitambaa cha nyuma yake. Sikio hupumua, ngozi haishiki jasho kwa haraka, na uso wa mto haubanduki hata baada ya miaka mingi. Ukiivisha mahameli hedifoni iliyofungwa nyuma ambayo iliundwa kwa ngozi, besi ya chini kabisa hupungua, kelele za nje huingia zaidi, na masafa ya kati na ya juu hujitokeza mbele kwa kuwa yamebaki peke yake. Mtu aliyezoea muziki wenye ngoma nzito ataona kwamba hedifoni yake imeporwa kitu. Yule aliyekuwa akilalamika kwamba besi imevimba na inafunika sauti ya mwimbaji anaweza kuona kwamba hedifoni imepona.

Hata hivyo, kanuni ya kwamba ngozi huleta besi na mahameli huiondoa ni kweli nusu tu, kwa sababu yenye uzito ni tofauti kati ya mto mpya na ule ambao mhandisi aliutumia alipoipima hedifoni. Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997 na HD 650 ya mwaka 2003, zote zikiwa wazi nyuma, yaani vikombe vyake vina matundu yanayopitisha sauti na hewa, zilizaliwa na mito ya mahameli, na uvujaji wa mahameli ni sehemu ya hesabu zake. Ukizivisha ngozi iliyoziba, besi ya juu huweza kuvimba na masafa ya juu kupata vilele ambavyo havikuwapo. Beyerdynamic DT 770 PRO imefungwa nyuma, na bado matoleo yake ya omu 80 na omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hutoka kiwandani na mahameli, huku toleo la omu 32 likija na ngozi bandia. Kwa hiyo aliye na toleo la omu 80 hapaswi kudhani kwamba mahameli imemnyima besi, kwa kuwa besi anayoisikia ndiyo iliyokusudiwa. Nazo Sennheiser HD 25, ambazo hukaa juu ya sikio badala ya kulizunguka na zimekuwapo tangu 1988, zinapatikana na mito ya ngozi bandia na ya mahameli pia, na anayeimiliki jozi zote mbili anaweza kujifunza mengi kwa kuzibadilishana alasiri moja.

Kwa usafi, mahameli huhitaji kazi zaidi. Hunasa nywele, mba na vumbi, na hunyonya jasho ambalo baadaye hutoa harufu. Faida yake ni kwamba mito mingi ya mahameli inaweza kuvuliwa, kufuliwa kwa mkono katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kukamuliwa bila kusokotwa na kuanikwa kivulini hadi ikauke kabisa hadi ndani ya sponji. Ngozi bandia hufutwa tu kwa kitambaa chenye unyevu, na spiriti haifai, kwani hukausha tabaka la juu na kuuharakisha mwisho wake.

Hukumu yangu kwa aina hizi mbili ni rahisi: rudi kwenye nyenzo iliyokuja na hedifoni, isipokuwa unaweza kutaja kwa maneno kitu kimoja mahususi unachotaka kibadilike. Sababu ya “nataka sauti bora” haitoshi. Anayesema “besi kati ya hezi 100 na 200 imevimba na ninataka ipungue” anajua anachotafuta na atajua kama amekipata.

Ngozi halisi, mchanganyiko na matobo

Ngozi halisi, ambayo aghalabu ni ya kondoo, huuzwa kwa maneno makubwa kuhusu sauti. Kwa masikio yangu, na kwa mantiki ya yaliyoelezwa juu, mto wa ngozi halisi na wa ngozi bandia wenye umbo moja, kina kimoja na sponji moja hutofautiana kidogo mno, kwa sababu zote mbili huziba na zote mbili huyarudisha masafa ya juu. Inapozidi ni katika umri: haina tabaka nene la plastiki linalobanduka kwa unyevu, na ikifutwa mara kwa mara huweza kudumu mara kadhaa ya umri wa ngozi bandia. Mwanzoni huwa ngumu kidogo na huhitaji muda kulainika, na katika kipindi hicho mziba wake pembeni mwa taya unaweza kuwa pungufu. Lipia ngozi halisi kwa ajili ya miaka, na ukiona imebadilisha sauti sana, chunguza kama kina chake au sponji yake ndivyo vilivyobadilika.

Mchanganyiko ni mto ambao upande unaogusa shavu ni wa mahameli au kitambaa, na kuta za nje, mara nyingine pamoja na za ndani, ni za ngozi. Unakusudia kutoa starehe ya kitambaa na sehemu kubwa ya mziba wa ngozi. Hufanikiwa kwa kiasi. Hewa bado hupita katika ukanda ule mwembamba unaogusa ngozi ya mtu, hivyo besi ya chini kabisa hushuka kidogo, lakini si kama katika mahameli kamili. Kwa aliye na hedifoni iliyofungwa nyuma na anayeshinda nayo saa sita kazini, hii ndiyo aina ninayoitaja kwanza.

Mito yenye matobo huhitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mahali palipotobolewa ndipo penye jibu. Matobo yaliyo kwenye ukuta wa ndani peke yake, ule unaotazama sikio, huiruhusu sauti iingie katika sponji, na sponji hunyonya mirudio ya masafa ya juu na kukiongeza chumba cha hewa kwa kiasi fulani. Besi hupungua kidogo na makali hutulia, lakini mto bado umeziba kwa nje. Matobo yaliyo kwenye ukuta wa nje pia hugeuza mto kuwa chujio, na hapo besi ya hedifoni iliyofungwa huanguka. Picha za matangazo huonyesha upande unaopendeza, nao si lazima uwe upande unaohusika.

Mito ya jeli ya kupoza nitaitaja kwa ufupi. Hupoza kwa dakika za mwanzo, kisha hupata joto la mwili kama kitu kingine chochote, na uzito wake hubaki.

Kuna pia hedifoni zinazotumia sponji tupu isiyovikwa chochote, kama za kampuni ya Grado na kama Koss Porta Pro ya mwaka 1984. Katika Porta Pro kubadilisha sponji ni kazi ya dakika moja na athari yake ni ndogo mradi unene uwe ule ule. Katika Grado mambo ni tofauti kabisa, kwani sponji bapa inayoligusa sikio na sponji yenye umbo la bakuli inayolizunguka hutoa hedifoni mbili zisizofanana, moja ya karibu yenye uzito wa kati na nyingine ya wazi yenye makali zaidi.

Sponji na kina: sehemu isiyoonekana

Nikilazimishwa kuchagua kati ya nyenzo sahihi ya nje na kina sahihi, nitachagua kina. Chukua hedifoni iliyozibwa vizuri kwa ngozi. Shinikizo ambalo spika huliumba katika besi hutegemea ukubwa wa hewa inayobanwa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikiongezeka maradufu na mwendo wa spika usipobadilika, shinikizo hupungua kwa nusu, sawa na kushuka kwa desibeli 6. Hakuna mto unaoongeza hewa kiasi hicho kwa kawaida, lakini mto mnene uliotengenezwa “kwa starehe zaidi” huweza kushusha besi hata ukiwa wa ngozi iliyoziba kikamilifu, na mnunuzi hubaki akijiuliza kasoro iko wapi. Upande wa pili wa mizani ni kwamba kina cha ziada huliondoa sikio kwenye wavu wa spika, huondoa maumivu ya kugusana nao, na mara nyingi huipa sauti nafasi zaidi kichwani.

Sikio la mtu mzima kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 6 hadi 7, hivyo tundu la mto lenye urefu wa sentimita 5 litalikalia sikio hata kama muuzaji anaahidi kwamba litalizunguka. Pima vitu vinne kwa rula kabla ya kununua: upana wa nje, urefu na upana wa tundu la ndani, kina wakati mto haujabanwa, na ukubwa wa pindo la nyuma linaloshika kikombe. Kipimo cha nje peke yake, ambacho ndicho hutangazwa, hukuambia tu kama mto utaingia.

Kuhusu sponji yenyewe kuna makundi mawili. La kwanza ni sponji ya kawaida yenye kurudi haraka, ambayo hushikilia kina chake, hubana kwa usawa na huziba vizuri ikiwa kichwa na taya ni laini. La pili ni ile inayorudi polepole, aina iliyobuniwa mwaka 1966 na Charles Yost chini ya mkataba wa NASA kwa ajili ya viti vya ndege, ambayo hulainika kwa joto la mwili na kufuata mabonde ya taya, mfupa wa nyuma ya sikio na mikono ya miwani. Kwa mvaa miwani tofauti hii si ya anasa. Mkono wa miwani huinua mto na kuacha mwanya mbele na nyuma yake, na sponji inayofuata umbo huuziba mwanya huo vizuri zaidi kuliko sponji ngumu. Gharama yake ni kwamba hulala zaidi inapopata joto, na hivyo kina halisi unachosikilizia ni kidogo kuliko kile ulichopima mezani. Kwa hiyo mto wa sponji hii wenye kina cha milimita 25 unaweza, ukiwa kichwani, kukaa sawa na mto wa sponji ya kawaida wenye milimita 20. Mbano wa upinde wa hedifoni nao huingia katika hesabu: hedifoni inayobana sana hulaza chochote, na ile iliyolegea haiwezi kuuziba hata mto mzuri.

Mito yenye mwinamo, iliyo minene nyuma na myembamba mbele, huielekeza spika kidogo kutoka mbele ya sikio. Ikiwa hedifoni haikuja nayo, itegemee kubadilisha masafa ya juu kwa namna isiyotabirika, nzuri kwa wengine na mbaya kwa wengine.

Mito ya mtengenezaji na mito mbadala

Mto wa mtengenezaji wa hedifoni hukurudisha ulipokuwa siku ya kwanza. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, hasa kwa mtu anayechanganya muziki au kuhariri sauti za vipindi, kwa kuwa maamuzi yake yote yamejengwa juu ya sauti anayoijua. Ikiwa anatumia mipangilio ya ikwalaiza (programu au kifaa cha kupandisha na kushusha masafa) iliyoandaliwa na wengine kwa ajili ya modeli yake, mipangilio hiyo ilipimwa kwa mito ya asili. Akivaa mito mingine, anasahihisha kasoro ambazo hedifoni yake haina tena na kuziacha zile mpya.

Mto mbadala una faida ya uchaguzi, na kuna watengenezaji wachache wanaotaja kina, aina ya sponji na mabadiliko ya sauti yanayotarajiwa. Hao wanastahili kusikilizwa. Wengi hunakili umbo la nje tu. Ndani huweka sponji laini inayolala ndani ya miezi, tundu dogo zaidi, na mara nyingi husahau kile kitambaa chembamba kinachotandazwa mbele ya spika. Kitambaa hicho hakikuwekwa kwa ajili ya vumbi peke yake. Katika hedifoni nyingi husaidia kutuliza masafa ya juu, na ukikiondoa sauti hupata makali. Mito mbadala ikija bila kitambaa, kihamishe kile cha zamani, au angalau ujue kwamba ukali unaousikia hautokani na ngozi mpya.

Hedifoni zenye mfumo wa kufuta kelele zina hukumu yake peke yake, nayo ni kali: tumia mito ya mtengenezaji, basi. Ndani ya kikombe kuna maikrofoni inayosikiliza hewa iliyo mbele ya sikio, na mfumo huunda sauti ya kinyume kwa kudhani kwamba chumba hicho kina ukubwa na uvujaji uliopimwa kiwandani. Mto wenye kina tofauti au unaovuja huivuruga dhana hiyo. Ufutaji wa mngurumo wa injini hudhoofika, besi huyumba, na wakati mwingine kifaa hutoa mlio au kutetema unapogeuza shingo. Sijaona sababu inayotosha kuhatarisha kazi iliyokufanya ununue hedifoni ya namna hiyo.

Vifuniko vya kitambaa vinavyovishwa juu ya mto uliochakaa huzuia vipande vyeusi kushika ngozi, na hiyo ni huduma ya kweli kwa wiki mbili wakati unasubiri mito. Haviponyi sauti. Huongeza tabaka linalopitisha hewa juu ya mto ambao tayari unavuja. Ikwalaiza nayo haiwezi kuchukua nafasi ya mto mpya, kwa kuwa uvujaji hubadilika kila unapotabasamu, kutafuna au kusogeza miwani, na hakuna mpangilio mmoja unaoweza kufuata mabadiliko hayo. Itumie baada ya kupata mito inayoziba, kusahihisha tofauti iliyotulia.

Kuvalisha na kupima

Namna mto unavyoshikwa hutofautiana, na huamua kama kazi utaifanya mwenyewe. Mito mingi, ikiwamo ya DT 770 PRO, ina pindo linalovutwa kuzunguka ukingo wa kikombe. HD 600 na HD 650 hutumia mito inayobofywa mahali pake. AirPods Max hushika kwa sumaku. Na hedifoni za Audeze za mfululizo wa LCD zimezoeleka kwa mito ya kubandikwa kwa gundi, ambayo humvunja moyo anayeibandua kwa haraka. Kwa pindo lililokaza, ingiza upande mmoja kwanza kisha zungusha kadi nyembamba ya plastiki kwenye mfereji huku ukivuta pindo lifuate. Usitumie bisibisi: ikiteleza mara moja hutoboa kiwambo cha spika, na hasara ya hapo haina mto wa kuirekebisha. Kabla ya kufunga, ondoa nywele zilizonaswa mbele ya spika, kwani unywele mmoja unaogusa kiwambo hutoa mtetemo unaofanana na spika iliyopasuka.

Badilisha mito yote miwili kwa wakati mmoja hata kama ni mmoja tu ulioharibika, la sivyo kushoto na kulia zitakuwa na kina tofauti na sauti ya katikati haitakaa katikati.

Kisha pima. Cheza mlio wa hezi 40 kwa sauti ya wastani na ubonyeze vikombe kwa upole, kimoja kimoja. Besi ikiongezeka sana unapobonyeza, kuna mwanya. Tafuta kama unatoka kwenye miwani, kwenye pindo lisilokaa, au kwenye mto wenyewe. Ikibaki karibu ilivyo, mziba ni mzuri. Kwa mahameli na kwa hedifoni zilizo wazi nyuma, ongezeko dogo ni la kawaida. Baada ya hapo sikiliza rekodi ya mtu mmoja anayezungumza bila muziki: sauti inapaswa kutoka katikati kabisa, bila kifua kilichovimba wala “s” zinazochoma.

Usitoe hukumu siku hiyo hiyo. Sponji mpya ni ngumu na imesimama juu kuliko itakavyokaa baada ya wiki moja au mbili, na masikio yaliyozoea mito iliyolala huisikia sauti sahihi kama ngeni. Iweke mito ya zamani kwenye mfuko, hata kama inabanduka, uirudishe mara moja baada ya siku kumi na usikilize wimbo mmoja unaoujua vizuri, ukiwa umesawazisha kiwango cha sauti kwa kadiri uwezavyo, kwa kuwa sauti iliyo kubwa kidogo huonekana nzuri zaidi hata pale ambapo ndiyo mbovu. Ikiwa bado unaipendelea ile ya zamani, rudisha mito mipya ndani ya muda ambao muuzaji anaruhusu na utafute yenye kina kidogo zaidi, maana kuna uwezekano mkubwa kwamba ulichokizoea na kukipenda ni ukaribu wa spika.